Madaraka Mikoani: Safari Iliyoishia Njiani

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana marehemu baba alinifundisha kwamba anayetaka kuhesabu makosa ya wengine aanze na ya kwake. Mwaka 2009 sisi watu wa wilaya moja ya kusini mwa Ziwa Victoria tunaoishi hapa Uingereza tulichanga fedha kwa ajili ya kisima kirefu na pampu kijijini kwetu. Akina mama walipika pilau na maandazi, tukakodi ukumbi, watoto wakacheza ngoma. Mimi, kwa kuwa ndiye mhandisi wa kundi, nilipewa kazi ya kuchora na kusimamia. Nikachukua likizo ya wiki tatu, nikaenda, tukachimba, maji yakatoka. Nilirudi nimevimba kichwa.

Mwaka 2011 nilikwenda tena kumzika shangazi. Pampu ilikuwa imesimama miezi saba, na akina mama wamerudi kwenye lambo lao la zamani, wanachota pamoja na ng'ombe. Kilichoharibika kilikuwa kipuri cha bei ndogo. Nikamuuliza mwenyekiti wa kijiji kwa nini hawakukinunua. Alinijibu kwa upole, bila kejeli hata kidogo: "Injinia, sisi tulijua mtakuja. Pampu si yenu?"

Nimesomea mabomba na mgandamizo wa maji katika chuo kikuu cha huku ugenini, na nimefanya kazi hiyo zaidi ya miaka thelathini. Hakuna mtihani hata mmoja niliofanya uliouliza swali la mwenyekiti yule. Ndipo nilipoanza kusoma historia ya serikali za mitaa nchini kwetu, nikitafuta jibu. Nilichokuta ni kwamba kosa nililolifanya kwa pampu moja, taifa zima lilikuwa limelifanya mwaka 1972, tena kwa nia njema kama yangu.

Wengi wetu hudhani serikali za mitaa ni jambo la juzi, limeletwa na wafadhili. La hasha. Waingereza walipoichukua Tanganyika, Gavana Donald Cameron alileta utawala wa kupitia machifu, na sheria yake ikatungwa mwaka 1926. Chifu alipewa baraza, mahakama na hazina yake. Kodi ilikusanywa hukohuko na sehemu yake ikabaki hukohuko. Lakini chifu aliwajibika kwa Bwana DC, wala si kwa waliolipa. Alipoamriwa apunguze mifugo ya watu wake, alipunguza. Alipoamriwa awalazimishe kulima matuta, aliwalazimisha. Kwa hiyo mwananchi wa kawaida alijifunza mapema kwamba baraza liko karibu na nyumbani kwake, ila masikio yake yako bomani.

Mwaka 1953 ilitungwa sheria mpya ya serikali za mitaa, iliyotaka mabaraza ya wilaya yenye wajumbe wa rangi zote, Waafrika, Wazungu na Waasia. Huko Geita, ambako karibu wakazi wote walikuwa Waafrika, baraza la namna hiyo lilipowekwa watu walilikataa. Mwaka 1958 walitoka Geita kwa wingi mpaka Mwanza mjini kudai liondolewe. Polisi waliwatawanya, lakini hoja yao haikutawanyika. Kabla mwaka haujaisha serikali iliachana na lazima ya mabaraza ya mseto. Sisi tuliozaliwa kanda ile tumesimuliwa habari za pamba na za ng'ombe, lakini ni wachache tuliosimuliwa kwamba mojawapo ya vuguvugu kubwa za kudai uhuru kule kwetu lilianza na swali la nani akae katika baraza la wilaya.

Uhuru ulipokuja, mambo yalianza vizuri. Dar es Salaam ilikwisha kumpata meya wake wa kwanza Mwafrika mwaka 1960, Sheikh Amri Abedi, yule yule mshairi aliyetuachia kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Mwaka 1963 mamlaka ya machifu yalifutwa, na halmashauri za wilaya zenye madiwani wa kuchaguliwa zikashika shule za msingi, zahanati, barabara za ndani na visima. Baba yangu aliajiriwa huko kama karani. Alikuwa na msemo mmoja aliourudia hadi tukauchoka: mali bila daftari huisha bila habari.

Tusidanganyane, halmashauri zile hazikuwa pepo. Zilibebeshwa mzigo wa elimu na afya huku vyanzo vyao vya mapato vikipungua, na mwishoni mwa miaka ya 1960 zikapoteza kodi ya kichwa na baadaye ushuru wa mazao. Nyingine zilishindwa kulipa mishahara. Baba alikiri kwamba palikuwa na wizi pia. Serikali Kuu ilipotazama hali ile ilikuwa na sababu ya kusema jambo lazima lifanyike.

Lililofanyika ndilo tunaloliita Madaraka Mikoani. Serikali iliita kampuni ya washauri ya Kimarekani, McKinsey, kuchora muundo mpya, na mwaka 1972 Mwalimu Nyerere akautangaza. Lengo lake lilikuwa zuri. Alisema maofisa wa Dar es Salaam wako mbali mno na wananchi, kwa hiyo wapelekwe mikoani na wilayani pamoja na mafungu yao ya fedha. Kila mkoa ukapata mkurugenzi wa maendeleo, kila wilaya na wake, na chini yao wataalamu wa kilimo, maji, ujenzi na mipango. Wakati huohuo halmashauri za wilaya zilivunjwa, na za mijini zikafuata baada ya muda mfupi. Watumishi wao, akiwemo baba, wakahamishiwa serikalini. Mwananchi alibaki na mwakilishi katika kamati za maendeleo, lakini bajeti ilikuwa ya maofisa, na ofisa aliteuliwa, alipandishwa cheo na kuhamishwa na waliokuwa juu yake.

Hapa ndipo napenda msomaji asimame nami kidogo, maana kiini cha makala hii ni hiki. Kusogeza ofisi ni jambo moja, na kutoa madaraka ni jambo jingine. Mwaka 1972 ofisi zilisogea kweli. Mtaalamu aliyekuwa safari ya siku mbili akawa safari ya nusu siku. Lakini mwanakijiji hakuwa na uwezo wa kumuuliza hesabu wala wa kumwondoa. Madaraka yalipanda basi Dar es Salaam yakashuka mkoani. Yaliyobaki ya safari, kutoka mkoani hadi chini ya mwembe wa kijiji, hayakusafiriwa.

Maji yanatupa mfano ulio wazi. Mwaka 1971 serikali ilitangaza mpango wa miaka ishirini wa kumfikishia kila mwanakijiji maji safi katika umbali usiozidi mita 400 ifikapo 1991. Maji yalikuwa bure. Kwa mhandisi ule ulikuwa mpango wa heshima, na wafadhili walisaidia, kila mmoja na kanda yake: Wafini Mtwara na Lindi, Waswidi kanda yetu ya ziwa. Injini za dizeli zilifungwa, matangi yakajengwa. Lakini injini ilikuwa ya serikali, dizeli ya serikali, fundi wa serikali. Bei ya mafuta ilipopanda baada ya 1973 na tena 1979, na hazina ikakauka, injini zilinyamaza moja baada ya nyingine. Mwaka 1991 ulifika na ndoo bado ziko kichwani. Nakumbuka injini ya kijiji cha jirani, imefungiwa katika kibanda chake na kufuli la serikali. Ufunguo ulikuwa wilayani. Wavulana tulichungulia kwenye tundu tukiisifu jinsi ilivyokuwa nzuri.

Mijini bei ililipwa mapema zaidi. Bila halmashauri, takataka, mifereji na vyoo vya umma havikuwa na mwenyewe. Kipindupindu kilipolipuka kwa nguvu mwaka 1977, hata waliopenda muundo mpya walitambua kwamba mji hauwezi kusafishwa kwa barua kutoka mkoani. Mwaka 1978 ilitungwa sheria ya kurudisha halmashauri za miji. Mwaka 1982 Bunge likapitisha sheria mpya za serikali za mitaa, ya wilaya, ya miji na ya fedha zake, na Januari 1984 halmashauri zikaanza tena kazi nchi nzima. Katika mahojiano aliyoyatoa miaka hiyohiyo, Mwalimu alisema wazi kwamba kama angeanza upya, yako mambo mawili asingeyafanya: kuvunja serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika. Viongozi wanaokiri hivyo wangali madarakani ni wachache, na hili tumhesabie.

Hata hivyo, kuvunja ni kazi ya siku moja na kujenga ni kazi ya umri. Katika miaka kumi na miwili makarani waliojua kutunza daftari la wilaya walikuwa wametawanyika au wamestaafu. Wananchi nao walikuwa wamezoea kwamba shule ni ya serikali, bomba ni la serikali, na zamu ya mwanakijiji ni kungoja. Baba alirudi halmashauri mwaka 1984. Alisema kazi ngumu kuliko zote haikuwa kukusanya kodi ya maendeleo, ilikuwa kumshawishi mtu kwamba anayo haki ya kuuliza imetumikaje.

Mageuzi ya kweli yalianza kuandikwa mwaka 1998, serikali ilipotoa sera ya kupeleka madaraka kwa wananchi. Utekelezaji wake ulianza mwaka 2000, na kwa miaka kama minane palikuwa na mambo ya kutia moyo. Vijiji vilifundishwa kupanga mipango yao kwa kuorodhesha fursa na vikwazo vya kwao. Mpango wa elimu ya msingi, MMEM, ulioanza 2002, ulipeleka ruzuku mpaka kwa kamati za shule, na kiasi kilichopokelewa kikatakiwa kibandikwe kwenye mbao za matangazo. Kuanzia 2004 halmashauri zilianza kupewa ruzuku ya maendeleo kwa kanuni inayojulikana, na aliyeshindwa kuonyesha hesabu alikosa. Lakini mwaka 2003 kodi ya maendeleo ilikuwa imefutwa. Wengi tulishangilia, maana ilikuwa kero na ilikusanywa kwa mabavu. Baba peke yake hakushangilia. Alisema: "Asiyelipa haulizi."

Katika sheria zetu kuna hazina ambayo watu wengi hawaijui. Mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, ndio wenye kauli ya mwisho katika sera za kijiji. Unachagua halmashauri ya kijiji na unaweza kumwondoa mjumbe wake. Ni chombo ambacho nchi nyingi tajiri hazina. Hapa ninapoishi nampata diwani wangu mara moja kwa miaka kadhaa, kupitia karatasi inayodondoshwa mlangoni. Kule kwetu sheria inasema wakazi wakae pamoja kila miezi mitatu wasomewe mapato na matumizi. Kinachokosekana ni watu kuitisha mkutano, kuuhudhuria, na kutoogopa kuuliza.

Majirani zetu Kenya walipita katika bonde lilelile kwa njia nyingine. Katiba ya majimbo ya 1963 ilivunjwa nguvu mwaka mmoja tu baadaye, na mwaka 1969 halmashauri za kaunti zikanyang'anywa elimu ya msingi, afya na barabara. Iliwachukua zaidi ya miaka arubaini kurudi. Katiba ya 2010 iliunda kaunti 47, ikazihakikishia angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, na ikaandika ushiriki wa wananchi kuwa msingi wa utawala. Maneno hayo yana meno. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha sheria ya fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wakenya wana malalamiko mengi juu ya magavana wao, na wanayo haki. Lakini wanayemlalamikia wamemchagua na wanaweza kumwondoa.

Kwetu Tanzania Bara, miaka ya karibuni inanitia wasiwasi, na nasema hili kama mhandisi. Mwaka 2017 barabara za wilaya na za mitaa zilitolewa halmashauri zikapewa wakala wa taifa, TARURA. Mwaka 2019 maji vijijini yakatolewa yakapewa wakala mwingine, RUWASA. Kodi ya majengo ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato, na tangu 2021 inakatwa katika umeme wa LUKU. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 ulisusiwa na vyama vikuu vya upinzani baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, na mahali pengi viongozi wakapita bila kupingwa. Ule wa Novemba 2024 nao haukukosa malalamiko ya aina hiyo.

Sitaki kuwaonea wahandisi wenzangu wa mawakala hawa. Wengi wanafanya kazi nzuri, na ni kweli halmashauri nyingi hazikuwa na wataalamu wa kutosha. Barabara nyingine sasa zinapitika kuliko zamani. Lakini sababu zinazotolewa ni zilezile za 1972: utaalamu uwekwe pamoja, fedha zisimamiwe vizuri, huduma isogezwe. Na swali ni lilelile. Daraja la kijiji likisombwa na mvua, diwani atakwambia si lake, ni la wakala. Meneja wa wakala hakupigiwa kura na mtu. Mwananchi anabaki katikati, kama mimi nilivyobaki nikichungulia injini kwenye tundu la mlango.

Sasa nirudi kwenye pampu. Baada ya jibu la mwenyekiti niliomba mkutano mkuu uitishwe. Watu walikuja wengi kuliko nilivyotarajia. Nilieleza kuhusu kipuri na dizeli, nikidhani nitaulizwa mambo ya ufundi. Akasimama mama mmoja, mfanyabiashara wa dagaa, akauliza: "Mwanangu, hicho kisima kiligharimu shilingi ngapi?"

Nilipigwa na butwaa. Tulikuwa tumewasomea hesabu wachangiaji wote wa huku, senti kwa senti. Wale ambao kisima kilichimbwa kwa ajili yao hatukuwasomea hata mstari mmoja. Nikafungua kompyuta yangu, nikasoma. Nilipofika kwenye saruji, mzee mmoja aliguna na kutaja bei ya mfuko mjini mwaka ule. Ilikuwa chini ya niliyolipa, tena chini sana. Nilikuwa nimeibiwa, na kijiji kizima kilikuwa na watu ambao wangeniambia kama ningewauliza.

Siku ile walichagua kamati ya maji, nusu wanawake, na yule mama akawa mweka hazina. Waliamua wenyewe bei ya ndoo, na waliamua wazee wasiojiweza wachote bure, jambo ambalo mimi nisingelifikiria. Makusanyo yaliandikwa katika daftari la shule na kusomwa mkutanoni. Katika miaka iliyofuata pampu iliharibika mara nne. Mara zote nne nilipata habari ikiwa imekwisha kutengenezwa. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kupuuzwa.

Miaka ya karibuni kisima kile kimeunganishwa na vya vijiji jirani chini ya chombo kimoja cha watumiaji maji, kwa mujibu wa sheria mpya. Huenda ni kwa manufaa, maana fundi mmoja sasa anahudumia vijiji kadhaa. Lakini mara ya mwisho nilipozungumza na yule mama kwa simu alinieleza kwamba daftari lake wamelichukua, hesabu sasa iko kwenye ofisi ya chombo, na tangu hapo hajamsikia mtu akiisoma mkutanoni. "Maji yanatoka," alisema, "lakini nani atatusomea?" Nilimwambia aulize katika mkutano ujao, na kwamba sheria iko upande wake. Akacheka, akasema ataniambia kilichojibiwa.

Ndugu zangu, Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo. Sisi tulio huku hatupo. Hatupigi kura kule, wala mkutano wa kijiji hatuhudhurii. Lakini fedha zetu zipo, na fedha za mtu asiyekuwepo zina nguvu ya kuwanyamazisha waliopo. Kwa hiyo naleta ombi dogo. Kabla hatujatuma mchango mwingine wa zahanati, darasa au kisima, tuulize mambo matatu. Je, mkutano mkuu wa kijiji ulikaa, na muhtasari wake uko wapi? Hesabu itasomwa kwa nani, lini? Na msimamizi akiharibu, wanakijiji wenyewe wanaweza kumwondoa? Majibu yakikosekana, tungoje. Pilau tunaweza kupika siku nyingine.